Wana Kila Kitu, Hata Kinu

Alfajiri ya leo mweka hazina wa kamati ya harusi kanitumia tena ule ujumbe wake, "tunakukumbusha ahadi yako kwa upendo." Upendo gani wa saa kumi na moja, na hii baridi ya Julai hapa Uyole, Mbeya? Nusu nimeshalipa, nusu itakuja viazi vikitoka shamba. Hilo halinisumbui. Kinachonisumbua ni zawadi.

Maana mchango ni wali, unaliwa unaisha. Zawadi ni pale MC anapoita "baba wadogo njooni mtunze!" na wewe sharti userebuke hadi mbele na kitu mkononi. Bahasha mke wangu kaikataa. Anasema kwenye video haionekani, watu watadhani nimekwenda kusalimia.

Sasa huyu mtoto wa kaka yangu anayeoa utampa nini? Juzi nikatumia akili. Nikapanda bajaji hadi kwake Forest, nikajidai napita tu, kumbe nakwenda kukagua upungufu. Nikamkuta bibi harusi mtarajiwa na shangazi yake wakipima mapazia.

"Shikamoo baba mdogo, karibu."

"Marahaba mwanangu. Nipatie maji tu," nikasema, huku namfuata jikoni.

Jokofu lina bomba lake mlangoni. Nikaomba ya moto. Birika likachemsha na kuonyesha namba za joto, kama mgonjwa wa malaria. Nikasogea nitupe tishu, pipa la taka likafunua mdomo lenyewe kabla sijaligusa. Niliruka kama nimekanyaga nyoka. Nikarekebisha kofia, nikauliza kwa mbali kama wana blanketi zito. La kwao linachomekwa kwenye umeme. Kuhusu ufagio sikuwahi hata kuuliza: kidude cha duara kilitoka chini ya kochi, kikanizunguka viatu, kikazoa udongo wa Uyole niliokuja nao, kikarudi zake. Nimesemwa na watu wengi maishani, lakini kusemwa na ufagio ndiyo mara ya kwanza.

Nikashuka daraja. Vitu vya asili! Hawa ungo watautoa wapi? Nikainua macho, nyungo tatu ziko ukutani zimepangwa kama picha. Kinu kipo sebuleni, kimepandwa ua. Chungu cha Matema, kama kile alichotupikia mama maharage, wamekitia taa ndani.

"Unatafuta kitu, baba mdogo?"

"Hapana mwanangu, natazama rangi."

"Kama ni zawadi usijisumbue. Uwepo wako unatutosha."

Uwepo! Uwepo wangu nimeupeleka kwenye harusi kuanzia Mbalizi hadi Tukuyu, na sijasikia MC hata mmoja akiutangaza. Ungekuwa unatosha, kamati isingeniamsha alfajiri!

Nikashukia Mwanjelwa. Muuzaji kanitolea glasi, kanitolea maua ya plastiki, kisha kwa sauti ya siri kanitolea hotpoti. Nikaenda zangu.

Sisi tulikuwa rahisi kupewa. Mimi nilioa soko hilohilo la Mwanjelwa likiwa limetoka kuungua, ule moto wa 2006, na nusu ya ukoo wakanipa pole badala ya zawadi. "Ulikuwa umeshanunuliwa kabati, mdogo wangu, limeungulia sokoni." Kwa hesabu yangu soko zima lilikuwa linauza makabati yangu. Walionusurika na moto walileta saa za ukutani, nne, na mpaka leo hazijawahi kukubaliana. Moja bado iko kwenye karatasi yake juu ya kabati, kabati nililonunua mwenyewe. Jana usiku mke wangu kaiangalia, mimi nikaiangalia, tukaishusha, tukapangusa vumbi. Kadi yake bado inasomeka: imetoka kwa kaka yangu, baba yake huyuhuyu bwana harusi.

Tumeirudisha.

Na hata ningepata cha kubeba, ningekibeba nimevaa nini? Suti yangu iko kwa fundi Sokomatola tangu Pasaka, kwenda kupunguzwa mikono tu. Kila nikienda ni "njoo kesho, mzee wangu." Jumamosi nimemwona jamaa mmoja anashuka kwenye bajaji pale Kabwe, kimo changu kabisa, kavaa koti ninalolifahamu mpaka doa lake la mchuzi. Nikamwita. Kaniangalia, kapanda tena bajaji.

Mikono lakini imemkaa vizuri.