Mjusi Anayeruka Tunaye, Mbona Hatumtaji?

Nafundisha vijana wa hapa Moshi wanaotaka kuwa waongoza watalii. Nikiwauliza kuhusu mjusi anayeruka, wanaomjua wananitajia Draco wa Asia, yule ambaye mbavu zake ndefu hutandaza ngozi kama mwavuli. Wetu hatajwi kabisa. Linaniuma, maana ukipanda basi la Tanga alfajiri ukashukia Muheza, hauko mbali na Amani, kwenye msitu wa Usambara Mashariki anakoishi.

Kitaalamu anaitwa Holaspis laevis. Nilipomwona mara ya kwanza alikuwa kwenye shina la mti mkavu: mweusi, mwenye mistari ya njano iliyofifia, mkia wa buluu inayong'aa kama ushanga. Na bapa! Utadhani amepigwa pasi. Ubapa huo ndio riziki yake, kwani hujipenyeza chini ya magome akasaka wadudu na buibui mahali ambapo mjusi mnene hafiki.

Hana bawa, hana hata ngozi ya ziada. Akiruka hujitandaza tu, na magamba ya pembeni mwa mkia yamejipanga kama meno ya kitana. Mwaka 2009 watafiti walichapisha matokeo ya kumpima nduguye wa misitu ya magharibi na kati ya Afrika, Holaspis guentheri, wakimlinganisha na mjusi wa ukutani wa Ulaya. Huyu wa Afrika alishuka polepole zaidi, na siri kubwa ni wepesi wake: mifupa ina nafasi za hewa. Kwangu hilo linashinda mwavuli wa Draco. Ni mjusi wa kawaida kwa umbo, lakini hewa inambeba.

Sisi tunakaririsha wanyama wakubwa watano, basi. Wafugaji wa mijusi wa ng'ambo walikuwa wakimnunua huyu kabla Serikali haijazuia, mwaka 2016, usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Yaani walimjua kwao kabla hajatajwa darasani kwetu! Na mti mkavu uliosimama, ambao kwake ni nyumba, wengi wetu tunauhesabu kuni.

Mwezi ujao naenda Amani na darasa zima. Kijana mmoja ameuliza tunafuata nini kusiko na tembo. Nimemwambia aje, asimame mbele ya shina moja nusu saa, asiongee.