Setilaiti Huona Ngozi ya Ziwa Tu

Ninapofungua ramani ya setilaiti na kuiona Ghuba ya Mwanza imepakwa rangi ya machungwa, ishara kwamba maji yana joto, hujiuliza rangi ile inamfaa nini mfugaji wa sato anayefika vizimbani alfajiri na kukuta samaki wakihemea juu ya maji. Sizibezi ramani hizo. Kumbukumbu za joto la uso wa bahari zilizopimwa kutoka angani zimefuatana tangu 1981, na mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuzitazama bila kulipa hata senti. Ninachokataa ni kudhani kwamba zikishatufikia, kazi yetu imekwisha.

Baharini zimethibitisha faida yake. Matumbawe huanza kuelemewa maji yanapozidi kwa nyuzi 1 hivi wastani wa mwezi wenye joto kuliko yote katika mwaka, na joto hilo likidumu kwa wiki kadhaa hupauka, kama ilivyotokea mwaka 1998 katika Bahari ya Hindi, pwani yetu ikiwamo. Kwa kuwa matumbawe mengi huishi kwenye kina kifupi, joto la uso ndilo joto lao, na setilaiti inaweza kutoa tahadhari mapema.

Ziwa Victoria lina tabia nyingine. Kifaa cha angani hupokea miali ya joto inayotoka kwenye utando wa maji mwembamba kuliko milimita moja, ilhali ziwa letu hufikia kina cha mita 80 hivi, na yanayowaua samaki mara nyingi huanzia chini. Kati ya Septemba na Mei maji ya juu hupata joto na kuelea juu ya yale ya chini yaliyo baridi kidogo. Tofauti ya nyuzi 1 au 2 hutosha kuyatenganisha, kwa sababu maji yenye joto hubadilika uzito upesi zaidi kwa kila nyuzi inayoongezeka. Mwani unaokufa huzama, huoza na kumaliza oksijeni ya chini, ambayo haipati nyongeza mpaka pepo za Juni hadi Agosti zije kuyakoroga maji. Dhoruba ikitangulia na kuyasukuma maji hayo maovu hadi kwenye ghuba, sangara, ambaye havumilii uhaba wa oksijeni, huelea akiwa mfu, na sato aliyefungiwa kizimbani hana pa kukimbilia. Tena, dhoruba zetu hupiga usiku, chini ya mawingu ambayo miali ya joto haiwezi kuyapenya, kwa hiyo setilaiti hupofuka wakati uleule tunapoihitaji.

Kuna na suala la hewa yenyewe. Usawa wa bahari, lita moja ya maji yasiyo na chumvi yenye nyuzi 20 hubeba miligramu 9 hivi za oksijeni, lakini yakifika nyuzi 30 hubeba 7.5 tu, sisi tulio zaidi ya mita 1,100 juu tunapata pungufu ya hapo, na samaki katika maji ya joto huhitaji oksijeni nyingi zaidi.

Ndiyo maana naona kwamba kila mkopo wa vizimba unaotolewa kandokando ya ziwa hili ungepaswa kuambatana na kamba yenye vipimajoto katika vina mbalimbali na kipimo cha oksijeni, na vipimo hivyo visomwe pamoja na ramani ya setilaiti na mtu anayelipwa kwa kazi hiyo. Matokeo yasiishie kwenye ripoti ya Kiingereza (tunazo za kutosha kufungia dagaa), bali yafike mwaloni kwa ujumbe wa simu unaoeleweka: maji ya chini yamepanda, leo msiwalishe samaki, wenye pampu za hewa waziwashe kabla ya saa sita usiku.