Ulisema Drili, Hukusema Nyundo

Anayedhani kukarabati kliniki ya mifugo huku wateja wanaingia na kutoka ni kazi ndogo, aje Bombo, hapa Uganda, anione. Vyumba vyangu ni viwili tu. Kufunga sikuweza: kodi hainisubiri, na mbwa hachagui siku ya kuumwa. Nikatundika turubali la buluu katikati. Upande huu mimi na sindano zangu, upande ule fundi na kijana wake. Kizingiti walikimwagia saruji asubuhi ya siku ya tatu, tukawa tunapita juu ya ubao kama tunavuka mto.

Siku ya kwanza fundi alichomoa friji ya chanjo ili apate pa kuchomeka drili. Chanjo zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8. Nilipofungua nikakuta ameweka na soda yake humo ipoe, ndani ya friji aliyoizima mwenyewe! Tangu hapo, adui yangu akawa drili.

Siku ya tatu akaja afande mmoja mstaafu na mbwa wake, Kamanda, sikio limechanwa na mbwa wa jirani. Nikamchoma zailazini, dawa ya kumlaza mnyama. Dawa hiyo kwanza humtapisha mbwa, na Kamanda alitapika barabara, juu ya viatu vyangu. Halafu ina ujanja wake: mnyama anaonekana amelala fofofo, kumbe masikio bado yako zamu. Kelele ya ghafla inaweza kumwinua.

Nikachungulia upande wa pili. "Fundi, nusu saa tu. Tafadhali, usiguse drili."

"Hamna neno, Dokta."

Nikamfunga Kamanda mdomo kwa bendeji, nikanyoa, nikasafisha, nikachoma ganzi. Mshono wa kwanza ukakaa vizuri. Wa pili, sindano ingali ndani ya ngozi: GWAA! Ukuta ukatetemeka, vumbi likanijaa machoni. Nilipofumbua, meza ilikuwa tupu.

Kamanda alipita katikati ya turubali, uzi unaning'inia sikioni, akakanyaga sinia la rangi nyeupe, akapiga kumbo ngazi. Fundi akabaki ananing'inia kwenye kenchi kama popo. Kwenye benchi alikuwapo mama aliyeleta kuku wa chanjo ya kideri, ile ya tone moja jichoni. Kapu likapinduka. Kuku tisa hewani, waliotiwa tone na wasiotiwa wakachanganyika.

Afande akasimama, akanguruma kwa sauti ya gwaride: "Lala chini!"

Kwa Bombo, mji wa kambi ya jeshi, amri ya namna hiyo haina mjadala. Mama akalala. Kijana wa fundi akalala, amekumbatia ndoo. Mimi mwenyewe nilijikuta nimepiga goti na mkasi mkononi. Aliyebaki wima ni Kamanda peke yake.

Akafika kizingitini. Hapo dawa ikamkumbuka. Miguu ya nyuma ikalegea, ya mbele ikafuata, naye akajinyoosha polepole, ubavu mzima ndani ya saruji mbichi, akaanza kukoroma.

Saruji mbichi inaunguza ngozi, kwa hiyo haikuwa saa ya kucheka. Tulimbeba watu watatu hadi nje, tukammwagia jerikeni mbili za maji, na mshono nikaumalizia uani chini ya mwembe, afande ameshika mwavuli na kunihesabia mishono kama risasi.

Fundi alipofanikiwa kushuka nilimuuliza kwa nini amenitenda hivi.

"Dokta, ulisema drili. Hukusema nyundo."

Nikakosa la kujibu. Alitaka kulisawazisha umbo la Kamanda pale kizingitini, afande akamkatalia. Mpaka leo wateja wanalivuka: mkia, mbavu, hata lile sikio lililochanika.

Kesho yake niko na paka mezani, turubali likafunuka taratibu, kikatokeza kichwa chenye vumbi.

"Dokta, na msumeno?"