"Bei njoo DM" inafukuza wateja

Mteja ameona picha ya ndoo ya rangi kwenye ukurasa wa duka, akauliza chini yake: "Bei?" Anajibiwa: "Njoo DM, boss." Anakwenda DM, yaani kwenye ujumbe wa faragha, anasubiri. Hadi mjibuji amalize kuhudumia waliopo kaunta, ndoo imeshanunuliwa duka la jirani, na pengine kwa bei ya juu zaidi.

Wanaoficha bei hutoa sababu mbili. Eti mshindani ataiona. Mshindani akiitaka bei yako anamtuma kijana dukani kwako ajifanye mteja, basi. Eti bei zinabadilika. Hilo ni kweli, na dawa yake ni kuandika tarehe: "Bei hii ni hadi tarehe 30." Kama unapunguza kwa anayechukua mzigo mkubwa, liandike na hilo: kuanzia ndoo 5, kila moja inashuka kiasi gani. Atakayetaka kuomba apunguziwe ataomba tu, lakini mazungumzo yataanzia mahali panapojulikana.

Bei ndiyo swali jepesi kuliko yote, lakini. Maduka mengi yanaandika "Mzigo mpya umeingia, karibuni wapendwa wateja" kila asubuhi, maneno ambayo hayamjibu mtu chochote. Ukitaka kujua la kuandika, weka daftari kaunta kwa siku 7. Kila swali liandikwe kama mteja alivyolitamka, liwe la simu au la ana kwa ana, na asitokee mtu wa kulisafisha. Mteja hasemi "emulsheni", anasema rangi ya maji. Ukiandika kwa lugha ya kwenye lebo, hata akikutafuta mtandaoni mtapishana. Wiki ikiisha utaona maswali ni yale yale machache yanayozunguka.

Tuchukue moja ambalo duka la rangi halilikwepi: "Chumba changu ni futi kumi kwa kumi, ninunue rangi kiasi gani?" Jibu lililozoeleka ni "inategemea". Sawa, inategemea, lakini hesabu ipo. Futi 10 ni kama mita 3. Kuta 4 za mita 3, zenye kimo cha mita 3, ni mita za mraba 36. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama 32. Lita 1 ya rangi ya maji hufunika mita za mraba 10 hivi kwenye ukuta laini, na ukuta unapakwa mara mbili, kwa hiyo chumba kinakula lita 6 na nusu. Ndoo ya lita 20 inafika vyumba 3 vya namna hiyo, kwa kubana.

Sasa ongeza yale ambayo muuzaji anayajua na mteja hayajui. Plasta mpya hunywa rangi. Isipotanguliwa na praima, yaani rangi ya kwanza ya kuandaa ukuta, hesabu yote hapo juu inaharibika. Ndoo 2 za rangi moja zenye namba tofauti za toleo (namba ya mkupuo wa kiwandani, iliyoandikwa kwenye ndoo) zinaweza kupishana kidogo, na tofauti huonekana ukutani zikishakauka. Mteja anunue zote kwa pamoja zenye namba moja, au azimimine kwenye chombo kikubwa akoroge kabla ya kuanza. Aya mbili kama hizi zinauza kuliko picha thelathini za ndoo zilizopangwa kwenye rafu.

Halafu ziweke mahali panapokaa. Status ya WhatsApp inafutika baada ya saa 24, kwa hiyo si pa kuweka maelezo ya aina hii. Kwenye WhatsApp Business kuna katalogi ya bidhaa na bei, na kuna majibu ya haraka: unahifadhi maelezo yako, kisha ukiandika "/chumba" yanatokea mazima. Instagram inakuruhusu kubandika machapisho 3 juu ya ukurasa. Moja liwe la bei. Ujumbe wa orodha ya matangazo (broadcast) wa WhatsApp unabeba watu 256 kwa orodha, na haumfikii ambaye hajaihifadhi namba yako kwenye simu yake. Wengi wanalalamika "wateja hawajibu" kumbe hawakupata kitu. Mwombe mteja ahifadhi namba pale pale anapolipa.

SMS nayo ina mtego wake. Ujumbe mmoja ni herufi 160, ila ikiingia alama moja isiyo kwenye seti ya kawaida ya simu, emoji kwa mfano, nafasi inashuka hadi 70. Kiswahili kina mtego wa ziada: ile alama ya juu kwenye "Ng'arisha nyumba yako". Ukiandika kwenye Word inajipinda, na ukiinakili hivyo hivyo, tangazo la herufi 150 linakatwa vipande 3 na unalipia vyote, isipokuwa mfumo unaotumia uwe unairekebisha wenyewe. Andika alama iliyonyooka. Na kabla ya kutuma, kumbuka kwamba namba uliyopewa ili upeleke mzigo si ruhusa ya matangazo: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya 2019.

Kinachoandikwa vibaya kuliko vyote ni taarifa ya kosa. "Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza" haisemi umejitokeza wapi wala kwa nani. Kama ndoo za toleo fulani zimekuja na rangi isiyofanana na kadi ya kuchagulia rangi, taja namba ya toleo, taja siku zilizouzwa, sema kama mteja arudishe ndoo iliyofunguliwa au isiyofunguliwa tu, na mwisho wa kurudisha ni lini. Weka jina na namba ya mtu mmoja atakayepokea simu. "Uongozi" haupokei simu.