Kukiri Kosa kwa Makubaliano Marekani: Nafuu ya Nani?

Katika miaka ya 1970, Paul Lewis Hayes alishtakiwa katika jimbo la Kentucky kwa kutumia hundi ya kughushi ya dola 88.30. Kosa hilo lilikuwa na kifungo cha miaka 2 hadi 10. Mwendesha mashtaka akamwekea masharti mezani: akikiri, ataombewa miaka 5, akikataa na kuilazimu mahakama isikilize kesi, atashtakiwa upya kama mhalifu sugu, kwa kuwa alikuwa na hatia mbili za nyuma, na adhabu ya hapo ni maisha. Hayes alikataa. Akashindwa kesi, akapewa kifungo cha maisha. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba katiba haikuvunjwa, maana shtaka hilo zito lingeweza kufunguliwa kihalali tangu siku ya kwanza.

Tofauti hiyo, kati ya miaka 5 na maisha kwa hundi ileile, ndiyo inayopaswa kutazamwa na yeyote anayetaka kuelewa mashtaka ya jinai katika majimbo ya Marekani. Filamu zimetuzoesha kuona jopo la juri, yaani raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, na mawakili wakihojiana na mashahidi. Uhalisia ni mwingine. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu yenyewe ilitaja kwamba takriban asilimia 94 ya hatia katika mahakama za majimbo zinatokana na washtakiwa kukiri. Kesi inayosikilizwa hadi hukumu ni nadra. Sehemu kubwa ya haki inagawiwa kwenye korido, baina ya wakili na mwendesha mashtaka, wakikubaliana mshtakiwa akiri ili apunguziwe shtaka au adhabu.

Ndiyo maana ngazi za adhabu zina uzito hata pale ambapo hakuna anayetarajia zitumike zote. Chukua Texas. Kosa dogo la daraja C ni faini isiyozidi dola 500. Daraja B hufika siku 180 jela, daraja A mwaka mmoja. Makosa makubwa huanzia siku 180 hadi miaka 2, kisha miaka 2 hadi 10, kisha 2 hadi 20, na juu kabisa, tukiacha mauaji yanayoweza kuadhibiwa kwa kifo, ni miaka 5 hadi 99 au maisha. Mwenye hatia ya kosa kubwa hapo nyuma anaweza kupandishwa ngazi. Mwenye mbili zilizofuatana anaweza kuanzia miaka 25. Sasa fikiria anayeamua ni shtaka la ngazi ipi lifunguliwe na rekodi ya nyuma itumike au isitumike. Ni mwendesha mashtaka, kabla jaji hajafungua jalada.

Wanaoutetea utaratibu huu wana hoja ambazo sizidharau. Ya kwanza ni ya uwezo: mwaka 1971, katika kesi ya Santobello ya New York, Jaji Mkuu wa Marekani Warren Burger aliandika kwamba kila shtaka likipelekwa kwenye kesi kamili, majimbo na serikali ya shirikisho yangehitaji kuongeza majaji na mahakama mara nyingi. Ya pili, ambayo kwangu ina nguvu zaidi, inahusu watu. Mwanamke aliyebakwa au mtoto aliyenajisiwa anaepushwa kusimama kizimbani akihojiwa na wakili wa aliyemtendea. Na mshtakiwa ambaye kweli alitenda, na anajua ushahidi unambana, anapata kupunguziwa adhabu kwa kukubali wajibu wake. Kumnyima nafasi hiyo eti kwa kulinda haki zake ni kumwonea.

Alaska ilijaribu njia nyingine. Mwaka 1975 Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Avrum Gross, aliwapiga marufuku waendesha mashtaka wake kufanya makubaliano ya aina hii. Wengi walitabiri mahakama zingezidiwa. Hazikuzidiwa; uchunguzi uliofuata ulionyesha kesi ziliisha haraka zaidi. Hoja ya uwezo ilipata pigo pale, ingawa Alaska ilikuwa na watu wasiofika nusu milioni na si haki kuipima Los Angeles kwa kipimo hicho. Waendesha mashtaka walilazimika kuchuja majalada mapema: ushahidi dhaifu, kesi haifunguliwi. Hilo ni zuri. Lakini washtakiwa wengi waliendelea kukiri bila kuahidiwa chochote, na baadhi ya wenye makosa madogo waliishia na adhabu kali kuliko ambazo wangepata kwa makubaliano. Marufuku ile ilikuja kulegea miaka ya baadaye. Yeyote anayedai tufute makubaliano yote anapaswa kujibu swali la hao wadogo walioumia.

Upande wa pili wa mizani unaanza na mtu aliyeko rumande. Kalief Browder alikuwa na miaka 16 alipokamatwa New York mwaka 2010 akidaiwa kuiba begi. Familia haikumudu dhamana. Alikaa katika jela ya Rikers Island takriban miaka mitatu, muda mwingi akiwa amefungiwa peke yake, akikataa kila pendekezo la kukiri kwa sababu alisema hakuiba. Mwaka 2013 mashtaka yalifutwa. Mwaka 2015 alijiua. Pendekezo moja kati ya aliyopewa lingemtoa siku hiyohiyo. Ni wangapi wamekubali pendekezo la namna hiyo, wakiwa hawana kosa, ili wawahi kazi au watoto? Illinois ilipofuta dhamana ya fedha Septemba 2023, ilipunguza shinikizo hili kwa njia ambayo hotuba nyingi kuhusu haki hazijawahi kuifikia.

Utetezi nao umebadilishwa kazi. Kinga zinazojulikana ni nyingi: kujilinda, kuwa mahali pengine wakati wa tukio, kutokuwa na nia ya kutenda, kulazimishwa kwa vitisho, kushawishiwa na polisi kutenda kosa. Majimbo hayafanani. Florida tangu 2005 haimtaki mtu aliye mahali halali kurudi nyuma kwanza kabla ya kujilinda kwa nguvu ya kuua. Kansas imeondoa kinga ya ukichaa kama ilivyozoeleka, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu iliiruhusu. Zaidi ya hizo kuna ombi la kuondoa ushahidi uliopatikana kwa upekuzi haramu, kinga iliyoenezwa kwa majimbo yote na kesi ya Mapp ya Ohio mwaka 1961. Katika mfumo wa makubaliano, kinga hizi mara nyingi hazifiki mbele ya juri. Zinakuwa mtaji wa wakili wa kushushia bei ya shtaka. Wakili aliyechoka, mwenye majalada mia mezani, hana muda wa kuutafuta mtaji huo, na mteja hajui alichokosa.

Kwa Waswahili walioko huko, familia za Kikongo za Houston, Louisville au Des Moines, Wakenya wa Dallas na Watanzania waliosambaa kila mahali, kuna hatari ambayo raia mzaliwa haijui. Sheria ya uhamiaji ni ya shirikisho na haihesabu kama jimbo linavyohesabu. Texas ina utaratibu ambapo mtu anakiri, jaji anaahirisha kumtia hatiani, anakaa chini ya uangalizi, na akimaliza salama shtaka linafutwa. Jimbo linasema huna hatia. Kwa maofisa wa uhamiaji, kule kukiri pamoja na uangalizi ni hatia kamili. Vilevile, kosa la wizi lenye adhabu ya mwaka mmoja, hata kama kifungo kimesimamishwa na hukulala jela usiku mmoja, linaweza kuwa sababu ya kufukuzwa nchini. Ndiyo sababu Washington mwaka 2011, California mwaka 2015 na New York mwaka 2019 zilishusha ukomo wa kifungo cha makosa madogo kutoka siku 365 hadi 364. Siku moja inaokoa nyumba nzima.

José Padilla, mzaliwa wa Honduras aliyeishi Marekani kihalali zaidi ya miaka 40 na kutumikia jeshi lake wakati wa Vita vya Vietnam, alikiri kosa la kusafirisha bangi huko Kentucky baada ya wakili wake kumwambia asiwe na wasiwasi. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu iliamua kwamba wakili ana wajibu wa kumweleza mteja hatari ya kufukuzwa. Kwa hiyo uliza swali hilo kabla ya kusaini, na udai mkalimani anayekielewa Kiswahili chako: mama wa Uvira na mkalimani wa Unguja wanaweza kupishana hasa pale penye neno la kisheria.

Jambo hili linatuhusu hata huku nyumbani. Kenya iliingiza makubaliano ya kukiri kosa katika sheria yake ya mwenendo wa jinai mwaka 2008, Tanzania mwaka 2019. Na Tanzania yapo makosa yasiyo na dhamana, kama utakatishaji fedha, kwa hiyo mshtakiwa anaweza kujadiliana akiwa mahabusu.

Msimamo wangu ni kwamba makubaliano yabaki, lakini pengo kati ya adhabu ya anayekiri na ya anayeshindwa kesi liwekewe kikomo kwa sheria. Punguzo la theluthi moja ni motisha. Kutoka miaka 5 hadi maisha ni kitisho. Na hakuna anayepaswa kukiri kabla hajaona ushahidi. Texas imeshapiga hatua hapo: baada ya Michael Morton kukaa gerezani karibu miaka 25 kwa mauaji ya mkewe ambayo hakuyafanya, jimbo lilipitisha sheria mwaka 2013 inayowataka waendesha mashtaka kufungua majalada yao, na pande zote kuorodhesha nyaraka zilizokabidhiwa kabla mahakama haijapokea ukiri. Kama jimbo linalojulikana kwa ukali limeweza hilo, lililobaki ni kikomo cha adhabu, na hilo liko mikononi mwa mabunge ya majimbo.