Eti Upweke ni Ugonjwa wa Wazungu

Tumemaliza kutazama filamu fupi ya Pumzi hapa Kisumu, jamaa mmoja akasimama, akakohoa kama mwenyekiti wa kamati ya mazishi, akatangaza kwamba Wanuri Kahiu, Mkenya aliyeiongoza, anatuletea ugonjwa wa wazungu. "Mwafrika hana upweke. Sisi ni watu wa jamii." Na watu wakapiga makofi! Nusura nimwage soda.

Kwani Asha, mhusika mkuu wa Pumzi, anaishi peke yake jangwani? Yumo ndani ya Maitu, jumba lililojaa watu, miaka 35 baada ya vita vya maji. Wote wanakunywa mikojo na jasho lao likishasafishwa, wote wanatoa jasho kwenye mashine za mazoezi ili umeme upatikane. Ushirika gani unaushinda huo? Lakini akiota mti, anaamriwa ameze dawa ya kuzuia ndoto. Akiomba ruhusa ya kutoka nje, ananyimwa. Anayemsaidia ni msafishaji wa choo, mwingine ambaye hakuna anayemtazama. Upweke wa Wanuri unaanzia hapo, katikati ya watu.

Nenda ufukwe wa Dunga uagize samaki mzima ukiwa peke yako, hasa ukiwa mwanamke. Mhudumu atakuja na maji ya kunawa, atakiangalia kiti cha pili, kisha: "Madam, tumngoje mwenzako?" Sema huna mwenzako uone meza ya jirani inavyonyamaza ghafla. Mjane aliyekataa kurithiwa, binti wa miaka 35 asiye na mume, kijana aliyeacha kwenda kanisani: tunawajua kwa majina, hadi deni lao dukani, ila kuwaongelesha hatuwezi. Jamii hiyo! Nilipomuuliza yule jamaa jina la mpangaji wa mlango wa pili kwake, akasema tusiingize siasa.

Rafiki nayo, filamu yake ya wasichana wawili wanaopendana, Kena na Ziki, ilipigwa marufuku Kenya 2018, mahakama ikatugawia siku 7 za kuitazama, na tangu hapo tunabishana kuhusu marufuku tu. Wapweke waliomo ndani tumewasahau.

Haya, Wanuri mwenyewe anahubiri sanaa ya raha, akaipa jina Afrobubblegum, na rangi za Rafiki zinameremeta kweli. Hilo nampa, shingo upande. Ila misuko ya Ziki ya rangi zote haikuwazuia watu wa mtaa wake kumpiga, na wazazi wake, badala ya kukaa naye, wakampeleka London.