Mvua ya Lamu haiishi mikokoni

Kiangazi kikizidi Lamu, lawama haichelewi kumfikia mkata boriti: kamaliza mikoko, ndiyo maana mvua imetuhama. Utaisikia barazani, utaisikia pia siku za kupanda miche. Kuna ukweli ndani yake, ila naona mtu wa shoka anatwishwa mzigo usio wake.

Wanaosema hivyo hawakosi hoja. Mti hunyonya maji ardhini na kuyatoa hewani kwa majani, na katika msitu mkubwa wa bara kama wa Kongo, sehemu kubwa ya mvua hutokana na mvuke wa msitu wenyewe. Kwa hiyo uoto umo katika yanayojenga tabianchi, yaani ule mwenendo wa hali ya hewa unaopimwa kwa kawaida kwa miaka 30, si kwa kiangazi kimoja kilichotuchoma.

Lakini Lamu si Kongo. Tuko nyuzi 2 hivi kusini mwa ikweta, usawa wa bahari, joto ni la mwaka mzima. Kinachotugawia misimu ni upepo. Januari na Februari mikoko imesimama kijani, maji yametuzunguka kila upande, na bado hainyeshi: kaskazi imekuja kavu kutoka pande za Arabuni na Somalia. Aprili upepo hugeuka, kusi likaingia na mvua za mwaka, na Mei ndiyo hupata mvua kuliko miezi yote. Mikoko ni ile ile.

Vuli ndiyo inayonishawishi zaidi. Mwishoni mwa 2019 maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kawaida, ya upande wa Indonesia yakapoa, na Afrika Mashariki ikafurika. Mwisho wa 2020 La Niña, yaani kupoa kwa maji ya Pasifiki karibu na ikweta, ilikuwa imeshika, na misimu 5 mfululizo ikakosa mvua ya kutosha sehemu kubwa ya kaskazini na mashariki mwa Kenya. Nani alikata mikoko mingi kiasi hicho katika mwaka mmoja?

Februari 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma, hofu kubwa ilikuwa mito inayoanzia milimani. Wakataji wa Lamu wakaingizwa humo humo, ingawa mkoko husimama kwenye maji ya chumvi na haulishi mto wowote.

Je, basi tukate tutakavyo? La. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu. Huvunja mawimbi, samaki hukulia mizizini, na tope lake limehifadhi kaboni nyingi ambayo ikiachiliwa huongeza joto la dunia, bahari ikiwemo. Kwa njia hiyo mkoko unaigusa tabianchi kweli, ila faida hiyo hugawanyika dunia nzima (na waliochafua zaidi hawaishi huku kwetu Faza wala Kizingitini). Haishuki kama mvua juu ya paa la aliyepanda mche.

Anayetafuta maji ya kunywa kabla ya kaskazi ijayo atazame kwingine: majabia ya visiwani, yaani matangi ya kukingia mvua, yaliyopasuka na kuacha mvua ipotee, na vilima vya mchanga vya Shela, ambavyo hunywa mvua na kuvijaza visima vya mji, na ambavyo watu bado wanataka kuvijengea nyumba.